Mwaka wa Pili wa Goti

Tarehe 18 Septemba 2023, mjini Pittsburgh, Nick Chubb wa Cleveland Browns alipewa mpira karibu na eneo la kufungia la wapinzani. Alijitosa katikati ya miili, na beki mmoja akamgonga goti la kushoto wakati mguu huo umebeba uzito wake wote. Goti lilipinda upande ambao goti halipindi, na televisheni iliyokuwa ikirusha mchezo ilikataa kuonyesha marudio. Chubb alikuwa na miaka 27. Msimu uliotangulia alikuwa amekimbia yadi 1,525. Goti hilo hilo lilishaharibika vibaya mwaka 2015, alipokuwa akichezea Chuo Kikuu cha Georgia.

Kila mbeba mpira mwenye umri anapotolewa uwanjani kwa kigari, watu huuliza jambo moja: atarudi? Kazi yangu ni fiziotherapia, na kwangu swali hilo limebeba maswali matatu. Kuvaa jezi tena ni jambo moja. Kucheza kama zamani ni jambo jingine. La tatu ni kupewa muda wa kufika huko, na hilo halimo mikononi mwa daktari wala mwa mchezaji. Naamini mbeba mpira anayekaribia miaka 30 anaweza kupona vizuri kuliko watu wanavyomdhania, lakini goti lake hukamilika katika mwaka wa pili baada ya upasuaji, na huo wa pili ndio mwaka ambao klabu za NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, hazipendi kumpa.

Kwa msomaji aliyelelewa na soka, nieleze kwanza kazi yenyewe. Katika futiboli ya Kimarekani timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10 mbele, na yadi moja ni kama sentimita 91. Mpira husogezwa kwa kurushwa hewani au kwa kukabidhiwa mtu aukumbatie na kupenya nao. Huyo wa pili ndiye ninayemwita mbeba mpira. Husimama mita chache nyuma ya ukuta wa wenzake watano, hupokea mpira akiwa ameshaanza mwendo, hutafuta mwanya kati ya wanaume wenye kilo 130 na zaidi, kisha hubadili mwelekeo ghafla mwanya unapozibwa. Mwenye kazi nyingi hubeba mpira mara 300 au zaidi kwa msimu, na karibu kila safari huishia chini, mara nyingi na watu wawili au watatu juu yake.

Kwa hiyo goti lake linadaiwa vitu viwili ambavyo goti la mwanadamu halivipendi: kuvunja kasi ghafla, na kuzunguka likiwa limekanyaga. Zlatan Ibrahimović alikatika ligamenti ya goti Aprili 2017 akiwa na Manchester United, akiwa na miaka 35, na kufikia Novemba alikuwa amerudi uwanjani. Wengi walishangaa. Mimi nilistaajabia bidii yake, lakini mshambuliaji wa kati mwenye umbo kama lake anaweza kupanga lini akimbie, akangojea krosi, akatumia kifua na kichwa. Mbeba mpira hachagui. Akikabidhiwa mpira hana budi kukimbia, na watu 11 wanamtaka.

Ndani ya goti kuna ligamenti mbili zilizopishana mfano wa msalaba. Ya mbele, ambayo wasomaji wa kurasa za michezo wameizoea kwa herufi zake tatu, ACL, huzuia mfupa wa muundi usichomoke mbele wala usizunguke kupita kiasi chini ya mfupa wa paja. Mtu anayetembea kwenda sokoni anaweza kuishi miaka mingi bila hiyo. Anayekimbia kwa kasi, akachimba mguu na kukata kona, hawezi. Na ikikatika, kwa kawaida haijiungi yenyewe vizuri, kwa sababu imezungukwa na majimaji ya kiungo, na damu inayovuja haigandi mahali pake hata kovu lipate pa kujijenga kati ya ncha mbili.

Kwa wanamichezo wa daraja hili, daktari huijenga upya. Huchukua kipande cha kano ya mgonjwa mwenyewe, mara nyingi ile iliyo chini ya pia ya goti, hukipitisha katika matundu aliyoyatoboa kwenye mifupa miwili, kisha hukikaza. Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaliamini nikiwaeleza ni kwamba kipande hicho kina nguvu zaidi siku ya upasuaji kuliko miezi miwili baadaye. Kimetenganishwa na damu yake, kwa hiyo seli zake nyingi hufa. Mishipa midogo mipya huanza kukiingia polepole, na nyuzi za kolajeni huvunjwa na kusukwa upya. Mkulima aliyewahi kuhamisha mche kutoka kitaluni anaijua hali hii: mche hunyauka kwanza, na anayeung'oa kuutazama mizizi anauua. Udhaifu huo huja kati ya wiki ya 6 na ya 12 hivi, wakati ambapo uvimbe umekwisha, maumivu yamepungua, na mgonjwa anajiona mzima. Ujenzi wa ndani huendelea mwaka mzima, na mara nyingi huvuka mwaka.

Utafiti uliofanyika Oslo na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja ambao mtu aliahirisha kurudi kwenye michezo ya kukata kona, mpaka mwezi wa tisa, ulipunguza uwezekano wa kuumia tena kwa karibu nusu. Matokeo hayo yalibadili namna wengi wetu tunavyofanya kazi. Miezi sita, ambayo zamani ilitajwa kama ahadi, leo ni haraka isiyo na sababu.

Lakini kipandikizi ni sehemu ndogo ya habari. Goti lililojaa maji hutuma ujumbe kwenye uti wa mgongo, na msuli mkubwa wa mbele ya paja hupunguziwa amri ya kufanya kazi. Mgonjwa anaukaza kwa nia yake yote na msuli unamjibu nusu nusu. Ndani ya wiki chache paja hupungua unene hata kwa macho. Kuurudisha ni kazi ya miezi ya kunyanyua vyuma, na kinachochelewa zaidi ni nguvu ya msuli unapofanya kazi huku ukirefuka, ile inayomsimamisha mtu. Watu hupima kurudi kwa mchezaji kwa namna anavyochomoka. Mimi humpima kwa namna anavyosimama.

Kisha kuna ubongo, na hapa ndipo naomba msomaji anivumilie kidogo. Ligamenti ya asili haikuwa kamba tu. Ilikuwa na ncha za neva zilizoupasha ubongo habari kila sekunde: goti limekunjika kiasi gani, linaelekea wapi, limebebeshwa uzito gani. Kipandikizi hakiji na neva hizo. Tafiti za picha za ubongo zimeonyesha kwamba watu waliojengewa ACL mpya hutegemea zaidi sehemu za ubongo zinazoshughulika na kuona wanapolikunja na kulikunjua goti. Kwa maneno mengine, wanaliongoza kwa macho goti ambalo zamani lilijiongoza lenyewe. Kwa mtu wa kawaida si hasara kubwa. Kwa mbeba mpira ni hasara nzito mno, kwa kuwa macho yake yana kazi nyingine: kusoma ukuta wa mbele, kumwona beki anayekuja kutoka pembeni, kuuona mwanya kabla haujafunguka. Akilazimika kuligawia goti sehemu ya uangalifu huo, hata kidogo, anachelewa, na kuchelewa kidogo katika kazi yake ni kuangushwa nyuma ya mstari. Mtazamaji husema amekuwa mzito. Huenda miguu yake ina kasi ile ile ikipimwa kwa saa kwenye uwanja mtupu.

Neno la makocha ni kwamba mchezaji bado "haliamini goti lake". Ni sahihi, ingawa wengi wao hulisema kana kwamba ni woga. Imani hiyo hujengwa kwa marudio, maelfu ya marudio, katika kasi ya kweli na mbele ya watu wanaotaka kukuangusha. Haipatikani kwenye chumba cha mazoezi peke yake. Ndiyo maana msimu wa kwanza wa kurudi, hata kwa mwenye goti lililopona vizuri, mara nyingi ni msimu wa kujifunza upya.

Edgerrin James wa Indianapolis Colts ni mfano ninaoupenda kuliko yote. Aliongoza ligi nzima kwa yadi katika misimu yake miwili ya kwanza, 1999 na 2000. Oktoba 2001 ACL ikakatika. Aliporudi mwaka 2002 alipata yadi 989, wastani wa yadi 3.6 kila alipobeba, na wapo waliomwandika kuwa amekwisha. Mwaka 2003 alipata 1,259. Mwaka 2004 alipata 1,548, na mwaka uliofuata 1,506. Leo yumo katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo. Saquon Barkley alipita njia hiyo hiyo. Aliumia mjini Chicago Septemba 2020 akiwa na New York Giants, akarudi 2021 na yadi 593 zisizompendeza mtu, kisha 2022 akapata 1,312. Mwaka 2024, akiwa Philadelphia na miaka 27, alikimbia yadi 2,005 na kutwaa ubingwa.

James na Barkley waliumia wakiwa na miaka 23, klabu zao zilikuwa na sababu za kuwasubiri, na wote wawili waliupata mwaka wa pili.

Aliyeharibu hesabu za watu ni Adrian Peterson. Aliumia mkesha wa Krismasi wa 2011 akiwa na Minnesota Vikings, ligamenti mbili za goti la kushoto zikakatika, na chini ya miezi tisa baadaye alikuwa uwanjani katika mechi ya kwanza ya msimu. Mwaka huo wa 2012 alikimbia yadi 2,097, akabakiza yadi tisa tu kuivunja rekodi ya Eric Dickerson iliyosimama tangu 1984, na akachaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima. Mwaka 2015, akiwa na miaka 30, aliongoza tena ligi kwa yadi 1,485. Ni mafanikio ya kuheshimika sana. Lakini tangu hapo kila mbeba mpira aliyepasuliwa goti amepimwa kwa kipimo cha Peterson, na ni dhuluma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, uliowaangalia wabeba mpira na wapokeaji wa NFL walioumia ACL katika kipindi cha miaka mitano, ulikuta kwamba karibu mmoja kati ya watano hakucheza tena katika ligi hiyo, na waliorudi walipoteza takriban theluthi ya uzalishaji wao. Tiba imesonga mbele tangu wakati huo, lakini hata sasa hakuna anayemwahidi mgonjwa wake mwaka kama ule wa Peterson.

Sasa umri. Hapa historia imetupa mtu mmoja ambaye mwili wake ulijaribiwa mara mbili. Jamaal Charles wa Kansas City Chiefs alikatika ACL ya goti la kushoto Septemba 2011, akiwa na miaka 24. Msimu uliofuata alikimbia yadi 1,509, wastani wa zaidi ya yadi tano kila alipobeba. Oktoba 2015, akiwa na miaka 28, ikakatika ya goti la kulia. Mwaka 2016 alicheza mechi tatu tu, akabeba mpira mara 12 kwa yadi 40, na Februari 2017 Chiefs wakamwacha. Mchezaji ni yule yule, mwenye mbio zile zile na bidii ile ile. Mtu mmoja si takwimu, na goti la pili lilikuwa na matatizo yake. Hata hivyo, miaka minne ile inastahili kuulizwa ilifanya nini.

Haikufanya kile ambacho watu hukidhani. Kati ya miaka 24 na 28 misuli ya mwanamichezo aliyefunzwa vizuri haizeeki kiasi cha kuonekana. Nyuzi za msuli zenye kazi ya kasi ndizo hupungua kwanza mtu anapozeeka, lakini upungufu wenye uzito huja baadaye. Kinachokuwa kimebadilika ni gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, pamoja na vile vijimto viwili vya umbo la mwezi mchanga vinavyobeba mshindo kati ya paja na muundi. Gegedu la mtu mzima halina mishipa ya damu, kwa hiyo haliponi kama ngozi au mfupa unavyopona. Kila mara goti linapoteguka hukwaruza sehemu fulani, na mkwaruzo huo unabaki. Mbeba mpira wa miaka 28 ameshaangushwa maelfu ya mara tangu sekondari. Daktari akifungua goti lake kujenga ligamenti, hukuta historia nzima humo ndani, na ligamenti mpya haifuti chochote katika historia hiyo.

Todd Gurley ni ushahidi wa hilo, ingawa alikuwa kijana. ACL yake ilikatika mwaka 2014 akiwa chuoni, akarudi vizuri ajabu, na mwaka 2017 akachaguliwa mshambuliaji bora wa mwaka akiwa na Los Angeles Rams. Ligamenti ilifanya kazi yake. Baadaye goti hilo likaanza kusumbua, habari za ugonjwa wa baridi yabisi ndani yake zikaenea, Rams wakamwacha mwaka 2020, na hakucheza tena baada ya msimu wa mwaka huo. Alikuwa na miaka 26. Kwa hiyo nikiletewa mbeba mpira na kuulizwa kama ni mzee, tarehe yake ya kuzaliwa siitangulizi. Naomba picha za gegedu lake.

Aina ya jeraha nayo huamua mengi, na vyombo vya habari hupenda kuyaweka yote katika kapu la "jeraha la kumaliza msimu". Mfupa ndio rafiki wa mtu mzima. Mfupa ukivunjika na kuunga, huunga kwa mfupa. Derrick Henry alivunjika mfupa wa nje wa unyayo, ule unaoelekea kidole kidogo, Oktoba 31, 2021, akiwa anaongoza ligi kwa yadi 937 katika mechi nane. Sehemu ile ina damu haba na huweza kuchelewa kuunga, ndiyo maana hupigwa skrubu. Januari alikuwa amerudi kwa mechi ya mtoano. Mwaka 2022 alikimbia yadi 1,538. Mwaka 2024, akiwa na Baltimore Ravens, alikimbia 1,921, na siku ya mechi yake ya mwisho ya msimu wa kawaida ndiyo siku aliyotimiza miaka 31. Hakuna mbeba mpira aliyeanza msimu akiwa na miaka 30 au zaidi aliyewahi kukimbia yadi nyingi kiasi hicho. Watu humsifu kwa mazoezi yake, na anastahili. Naongeza kwamba kilichovunjika kilikuwa kitu kinachojua kupona.

Upande wa pili kuna kano ya Achilles, ile nene iliyo juu ya kisigino. Hiyo ndiyo ninayoiogopa. Ikikatika na kuungwa, mara nyingi hupona ikiwa imerefuka kidogo, na kano iliyorefuka haikazi vizuri: mguu unasukuma ardhi bila ule mruko wa mwanzo. Mtu anaweza kukimbia mbio ndefu bila shida, lakini hatua ya kwanza na ya pili, ambazo ndizo riziki ya mbeba mpira, zimepotea. Utafiti wa mwaka 2009 kuhusu wachezaji wa NFL waliokatika kano hiyo ulikuta kwamba karibu theluthi hawakurudi, na waliorudi walipoteza zaidi ya nusu ya kiwango chao. Arian Foster, aliyeongoza ligi kwa yadi mwaka 2010 akiwa na Houston Texans, aliikata Oktoba 2015 akiwa na miaka 29. Mwaka uliofuata alijaribu Miami, na kabla Oktoba haijaisha alitangaza kustaafu katikati ya msimu.

Namna mtu anavyocheza pia ina sauti. Frank Gore alikatika ACL za magoti yote mawili akiwa Chuo Kikuu cha Miami, na kwa sababu hiyo klabu zilimkwepa katika uteuzi wa wachezaji wa vyuo wa mwaka 2005 mpaka raundi ya tatu, San Francisco 49ers walipomchukua. Novemba 2010 alivunjika nyonga. Mwaka 2011 alirudi na yadi 1,211. Aliendelea kucheza mpaka akafika miaka 37, misimu 16, yadi 16,000 kamili, na waliomzidi katika historia yote ya NFL ni wawili: Emmitt Smith na Walter Payton. Mtazame kwenye kanda za zamani. Hatua zake ni fupi, magoti yamekunjwa, kifua kimeinama, na husubiri nyuma ya mlinzi wake mpaka mwanya ujionyeshe. Hakuhitaji kumzunguka mtu kwa mbali, kwa hiyo magoti yake hayakudaiwa kona kali za kasi ya juu kila jioni. Aliyejenga jina kwa kumkwepa beki katika uwanja wazi, kama Gale Sayers, ana deni kubwa zaidi la kulipa. Sayers aliumia goti la kulia Novemba 1968, zama za upasuaji wa kufungua goti lote. Mwaka 1969 aliongoza ligi kwa yadi 1,032, lakini zilikuwa yadi za kupigania katikati ya msongamano, si zile mbio za uwanja wazi zilizomjengea jina. Mwaka 1970 likaumia la kushoto, na kazi ikaisha.

Turudi kwa Chubb, kwa kuwa kisa chake kina kila kitu nilichokieleza. Ligamenti zaidi ya moja, goti lililowahi kupasuliwa, miaka 27 ikielekea 28. Alipasuliwa mara mbili mwaka 2023, ya pili Novemba ikiwa ya kujenga ACL. Alirudi Oktoba 20, 2024, miezi 11 baadaye, na uwanja wa Cleveland ulimpokea kwa shangwe kubwa. Alicheza mechi nane, akabeba mara 102 kwa yadi 332, wastani wa 3.3, wakati kabla ya kuumia wastani wake wa maisha ulizidi yadi tano. Desemba akavunjika mfupa wa unyayo. Ukitazama namba hizo bila kumjua Edgerrin James, utasema amekwisha. Ukimjua, utauliza mwaka wa pili utakuwaje.

Kuna mazungumzo ya Julai 2023 ambayo siwezi kuyasahau. Wabeba mpira wa ligi walikuwa wakilalamikia mishahara yao, na Chubb aliwaambia waandishi kwamba nafasi yao ndiyo pekee ambamo kazi nzuri humdhuru mfanyakazi: ukibeba sana, wanasema umechakaa. Miezi miwili baadaye goti lake lilikuwa limevunjika. Alisema kweli, na hesabu ya klabu ni rahisi. Mchezaji anayetoka chuoni hufungwa kwa mkataba wa miaka minne kwa mshahara mdogo wa kiwango kilichopangwa. Akiwa na miaka 26 na kustahili kulipwa, amekwisha kutoa yadi zake bora. Akiumia akiwa na 28, kumsubiri miaka miwili kunagharimu zaidi ya kumchukua kijana wa miaka 21 mwenye magoti mapya. Aprili 2024, Chubb akiwa bado kwenye matibabu, mkataba wake ulipangwa upya na mshahara wake wa msingi ukapunguzwa sana. Aprili 2025 Browns walichukua wabeba mpira wawili kutoka vyuoni, Quinshon Judkins na Dylan Sampson. Juni, Chubb alisaini mwaka mmoja na Houston. Alianza msimu akipewa kazi, kisha sehemu kubwa ya mzigo ikahamia kwa kijana wa mwaka wa kwanza, Woody Marks.

Silaumu Browns kwa kufuata hesabu ambayo ligi nzima inaifuata. Ninalopinga ni kauli kwamba hesabu hiyo ni ya kitabibu. Daktari akisema goti litakamilika mwezi wa 24 na klabu ikamhukumu mchezaji mwezi wa 14, hukumu hiyo imetoka kwenye daftari la mishahara. Chama cha wachezaji kingeweza kudai kwamba anayeumia kazini akiwa katika mkataba wake wa pili alindwe kwa misimu miwili kamili. Gharama yake kwa ligi yenye mapato ya mabilioni ya dola ni ndogo, na hapo tungeweza kuanza kuhesabu ni wangapi kati ya wabeba mpira wanaotupwa wangepona.

Kwa wanaomfuatilia mbeba mpira wa miaka 28 au 29 aliyerudi kutoka kwenye goti, nawashauri waziache yadi za mechi tatu za kwanza. Tazameni mguu ulioumia anapotaka kubadili mwelekeo. Akichukua hatua tatu ndogo za kuvunja kasi pale alipokuwa akitosheka na moja, goti bado linaongozwa kwa macho. Tazameni kama anachagua kona za mguu mzima na kukwepa za mguu mwingine, kwa kuwa mabeki wameshaliona hilo kabla yenu. Tazameni pia robo ya nne, msuli wa paja unapochoka, maana hapo ndipo goti lisilo tayari huanza kuingia ndani kila anapokanyaga. Dalili hizo zikipungua kutoka Septemba hadi Desemba, basi mtu huyo anapona, hata kama wastani wake ni yadi 3.3, na ningekuwa na klabu ningemsaini kwa msimu unaofuata.